Darasa lina watu themanini, lakini dogo yuko peke yake



Kila ikifika Januari nchi hii ina maswali yake ya kawaida kuhusu shule. Madarasa yametosha? Madawati je? Walimu wa sayansi wamepatikana? Mkuu wa wilaya anatoa siku kadhaa kila mtoto aliyechaguliwa kidato cha kwanza awe ameripoti, hata kama sare hana. Magazeti yanapiga picha za watoto waliokaa chini, wabunge wanachangia, kisha tunatulia. Ukifika mwisho wa mwaka tunahesabu nani kamaliza na nani kaishia njiani, na sababu tunazozitoa ni zile zile: utoro, mimba, umaskini, wazazi wasiojali.

Sibishi, hizo zote zipo. Lakini kuna swali moja ambalo mimi binafsi sijawahi kulisikia kwenye kikao cha wazazi wala kwenye hotuba ya ofisa elimu: HUYU MTOTO ANA NANI HAPO SHULENI? Sio ana nini. Ana NANI.

Leo naomba tuongelee upweke wa vijana wetu mashuleni. Najua wengine mmeshaanza kucheka, eti upweke ni ugonjwa wa wazungu wanaoishi na paka kwenye maghorofa, sisi Waafrika tunaishi kwa ujamaa, jirani akipika unasikia harufu. Ngojeni kwanza tuangalie namba, halafu ndio mcheke.

NAMBA ZINASEMAJE

Novemba 2023 Shirika la Afya Duniani (WHO) liliunda kamisheni ya kuangalia suala la watu kukosa watu. Wenyeviti wenza walikuwa Dk. Vivek Murthy, wakati huo daktari mkuu wa serikali ya Marekani, na Chido Mpemba, mjumbe wa vijana wa Umoja wa Afrika. Ripoti yao ilitoka tarehe 30 Juni 2025. Inasema duniani mtu 1 kati ya 6 anaishi na upweke. Mnadhani wanaoongoza ni wazee? Kwa vijana wa miaka 13 hadi 29 wanaosema wana upweke ni kati ya asilimia 17 na 21, na walio juu kabisa ni wale wa umri wa shule ya sekondari.

Sasa hapa ndipo kicheko kinapoisha. Kwenye nchi za kipato cha chini waliosema wana upweke ni kama asilimia 24. Kwenye nchi tajiri ni kama asilimia 11. Yaani wale wenye paka na maghorofa wana nusu ya upweke wa nchi maskini! Sisi tuliambiwa mwaka 2020 kwamba tumeingia kipato cha kati, sawa, lakini ni kile kipato cha kati cha chini, mguu mmoja bado uko mlangoni, kwa hiyo tusijitoe kwenye hesabu hiyo haraka haraka.

Na kwa wale ambao hawaelewi kitu mpaka uwatajie matokeo ya mtihani, ripoti hiyo hiyo inasema kijana mpweke ana uwezekano zaidi kwa asilimia 22 wa kupata alama za chini au kuishia na cheti cha chini. Kwa hiyo hata ukitaka kuongelea ufaulu tu, na moyo wa mtoto usikuhusu, bado mada hii inakuhusu.

Swali la upweke shuleni halikuanza juzi. Kuna ule mtihani wa kimataifa wa PISA wa watoto wa miaka 15, unaoendeshwa na OECD, umoja ambao wengi wao ni nchi tajiri. Pamoja na hesabu na kusoma, watoto wamekuwa wakiulizwa: unajisikia mpweke shuleni? Unajiona kama mtu wa nje? Unapata marafiki kirahisi? Mwaka 2018, mtoto kama 1 kati ya 6 alikubali kwamba anajisikia mpweke shuleni. Mwaka 2021 mtafiti Jean Twenge wa Marekani na wenzake, akiwemo Jonathan Haidt, walichukua majibu ya watoto zaidi ya milioni moja kutoka nchi 37 na kukuta kwamba kati ya 2012 na 2018 upweke shuleni ulipanda kwenye nchi 36. Ukilinganisha na 2000, watoto wenye upweke mkali walikuwa karibu mara mbili.

JE, MCHAWI NI SIMU?

Twenge na Haidt wanaelekeza kidole kwenye simu za kisasa na mitandao, na wapo wataalamu wenzao wanaowapinga. Wenye nchi zao wameanza kuchukua hatua. Australia kwa mfano, kuanzia tarehe 10 Desemba 2025, mtoto wa chini ya miaka 16 haruhusiwi kuwa na akaunti kwenye mitandao mikubwa ya kijamii.

Hapa kwetu wazazi na viongozi wamelidaka hilo kwa mikono miwili. Ukigusa tu habari ya vijana unaambiwa simu, simu, simu. Mimi sikatai kwamba simu ina mambo yake. Lakini jamani tutumie akili kidogo. Shule zetu simu ni marufuku miaka yote. Ukikamatwa nayo bwenini inavunjwa mbele ya paredi au unasimamishwa masomo. Kijijini mtoto wa kidato cha kwanza mara nyingi hana hata kitochi. Kama mchawi angekuwa simu peke yake, basi bweni la Kitanzania lingekuwa sehemu yenye furaha kuliko zote duniani.

Aliyesoma bweni anajua kama ni kweli.

Kwa mtazamo wangu, upweke wa mwanafunzi wa Tanzania kwa sehemu kubwa TUNAUTENGENEZA WENYEWE, tena kwa namna tulivyoipanga sekondari. Hatuhitaji kumsingizia mtu wa nje. Naona mambo manne.

1. TUNAMNG'OA NA KUMPANDIKIZA KWINGINE, PEKE YAKE

Darasa la saba mtoto ana watu. Amekua nao, wamechota maji pamoja, wameibiana maembe. Likija tangazo la waliochaguliwa, kundi linasambaratika. Wawili huku, mmoja bweni, watatu shule ya kata, wengine ndio basi tena. Anaanza upya akiwa na miaka 13 au 14, umri ambao hata mwili wake mwenyewe ni mgeni kwake.

Shule za kata zilipoanza kujengwa kwa kasi chini ya mpango wa MMES, kuanzia 2004, lengo lilikuwa zuri: kila kata na sekondari yake. Na mimi ni zao la shule hizo, sina sababu ya kuzitukana. Lakini kata nyingine zina ukubwa wa kukuchosha kwa basi, achilia mbali kwa miguu. Ndipo watoto walipoanza kupanga. Mtoto anapangishiwa chumba karibu na shule, ndio geto lenyewe. Anajipikia, anajifulia, anajilaza, anajiamsha.

Nilipokuwa kidato cha pili nilikaa dawati moja na jamaa wa aina hiyo. Jina nalihifadhi, na shule pia. Baba yake alimlipia chumba cha miezi mitatu, akamwachia debe la mahindi, ndoo na jiko la mafuta, akarudi kijijini. Jamaa alikuwa mkimya sana. Jumatatu hayupo, Jumanne yupo, anachapwa kwa ajili ya Jumatatu. Wiki inayofuata hivyo hivyo. Mwisho hakuonekana tena. Kwenye daftari la mahudhurio zikajaa alama nyekundu, halafu jina likakatwa kwa rula, na sababu ikaandikwa neno moja: mtoro. Mwaka uliofuata nilikutana naye stendi anapiga debe. Akaniambia kilichomshinda sio masomo wala njaa. Kilichomshinda ni kurudi geto jioni, anafungua kufuli, ndani hakuna hata mtu wa kumwambia pole na shule.

Wadau, huyo kwenye takwimu za serikali ni mtoro. Hakuna kisanduku cha upweke kwenye fomu.

Lazima niwe mkweli, serikali imeona tatizo la umbali. Mradi wa SEQUIP, ambao Benki ya Dunia iliupitisha Machi 2020 kwa mkopo wa dola milioni 500, umejenga sekondari mpya ili watoto wasitembee mbali, na ndani yake kuna mpango wa shule salama. Nawapongeza kwa hilo. Shule ikiwa karibu mtoto analala kwao, na hilo peke yake ni dawa nusu.

Halafu kuna kidato cha tano. Wewe umemalizia Bukoba, unapangiwa Mtwara. Siku mbili kwenye basi na tranka. Fomu ya kujiunga inakuorodheshea godoro, ndoo mbili, jembe, fyekeo, karatasi rimu moja. Kila kitu kimeandikwa isipokuwa nani atakupokea. Wazee wetu waliopanga utaratibu huu walikuwa na sababu. Walitaka Mhaya akae na Mmakonde, Mchagga na Msukuma, taifa liwe moja, na kweli tumepata taifa moja. Utaratibu huo mimi siwezi kuubeza. Ninachosema ni kwamba kuwachanganya watu ni kazi mbili: ya kwanza kuwaleta pamoja, ya pili kuwaunganisha. Sisi tunafanya ya kwanza tu. Ya pili tunamwachia mtoto.

2. TUNAMFUNGA MDOMO

Hapa najua nitapata wabishi wengi, karibuni.

Miaka yote ya msingi, kwenye shule za serikali, mtoto amesoma kwa Kiswahili. Amejibu kwa Kiswahili, ametania kwa Kiswahili, amegombana kwa Kiswahili. Anaingia kidato cha kwanza, ghafla kila kitu Kiingereza. Wiki chache za kozi ya kumwandaa, halafu twende kazi. Sera ya Elimu ya 2014 ilitaka Kiswahili kitumike ngazi zote. Haikutekelezwa. Toleo la 2023 la sera hiyo, ambalo Rais Samia alilizindua Dodoma tarehe 1 Februari 2025, limebakiza sekondari kwa Kiingereza.

Mjadala wa lugha siku zote tunaujadili kwa upande wa kuelewa masomo. Mimi leo naleta upande mwingine. Lugha ndio mkono wa kumshikia mwenzako. Mtoto aliyekuwa mchekeshaji wa darasa huko msingi, aliyekuwa anauliza maswali mpaka mwalimu anachoka, ukimwambia kuanzia leo uongee lugha usiyoijua, hachekeshi tena. Anajua akifungua mdomo watamcheka YEYE, sio utani wake. Kwa hiyo anaufunga. Mwalimu anaandika kwamba ni mtulivu, ana nidhamu. Kumbe mtoto amezimika.

Na shule nyingi zinaongeza adhabu juu yake. Ukikutwa unaongea Kiswahili hata mapumziko, hata bombani, unavalishwa kibao shingoni au unapewa eneo la kufyeka. Hebu fikiria: muda pekee aliokuwa nao wa kutengeneza rafiki, nao tunauwekea askari. Kiingereza tujifunze, mimi mwenyewe ningependa kukijua vizuri zaidi ya hapa. Lakini rafiki wa kwanza hapatikani kwa lugha ya kukariri.

3. TUNAMTIA HOFU

Kila aliyepita sekondari anajua maana ya njuka. Bwenini njuka anachota maji ya wakubwa, anafua nguo zisizo zake, anaamshwa usiku kuimba, sukari na sabuni zake zinageuka mali ya umma. Wakubwa wanasema ndio kumkomaza. Mwaka ujao aliyekomazwa naye anakomaza wenzake. Kwa hiyo somo la kwanza mtoto analojifunza kuhusu watu wa shule hiyo ni kwamba awakwepe.

Juu ya hapo kuna fimbo. Kanuni za 2002 zinasema viboko visizidi vinne, na mwenye mamlaka ni mkuu wa shule au mwalimu aliyempa idhini. Wenzetu Kenya waliifuta adhabu hiyo mashuleni mwaka 2001. Sisi tunayo, na tuliosoma tunajua kama hesabu ya nne huwa inafuatwa. Sitaki leo kuanzisha ligi ya viboko, ila nauliza swali dogo tu: mtoto anaweza kumweleza siri ya moyo wake mtu aliyemchapa asubuhi kwa kuchelewa?

Na kuna kupanga nafasi. Baraza la Mitihani (NECTA) mwaka 2023 liliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora kitaifa, na nadhani lilifanya vizuri. Lakini ukutani huko shuleni orodha bado inabandikwa, wa kwanza mpaka wa mwisho. Wa 82 kati ya 82 nani atataka kukaa naye? Anaonekana ana mkosi wa kuambukiza.

4. HANA WA KUMWAMBIA, NA HANA NENO LA KUSEMEA

Kwenye karatasi kila shule ina mwalimu wa ushauri na unasihi. Kwa hali halisi huyo ni mwalimu wa kawaida mwenye vipindi vyake vingi, madaftari ya kusahihisha, zamu, na bodaboda ya mkopo. Mara nyingine ndiye huyo huyo mwalimu wa nidhamu! Yaani mlango wa kutubu na mlango wa kuchapwa ni mmoja.

Lakini kuna jambo kubwa zaidi ambalo nimelifikiria sana. Hakuna kijana wa Kitanzania anayesema "mimi ni mpweke." Neno hilo tumewaachia wajane na wasiooa. Kijana anasema shule inaboa. Anasema hajisikii. Anasema kichwa kinamuuma, na kinamuuma Jumapili jioni tu. Anasema walimu wa kule hawafundishi. Mzazi akisikia hivyo anajibu kwa kadiri alivyosikia: panadoli, au fimbo, au ile hotuba ya "sisi enzi zetu." Mtoto anaposema anaichukia shule, mara nyingi wala haichukii fizikia. Anachukia saa nne asubuhi, mapumziko, wakati wote wanajigawa makundi makundi na yeye anajifanya anatafuta kitu kwenye begi.

Mdomo ukishindwa, mwili unasema. Wazee wa Kagera wanaikumbuka habari ya Kashasha, karibu na Bukoba. Tarehe 30 Januari 1962 wasichana watatu wa shule ya bweni walianza kucheka, wakashindwa kuacha. Ikasambaa mpaka wasichana 95 kati ya 159, wengine wakicheka, wengine wakilia, na shule ikafungwa tarehe 18 Machi. Madaktari Rankin na Philip walichunguza na kuandika mwaka 1963, hawakukuta sumu wala vijidudu. Waliokuja kulichambua baadaye wamelitazama kama mzigo wa mawazo uliotafuta pa kutokea. Sisemi Kashasha ilikuwa upweke, hilo sina ushahidi nalo. Nasema tu kwamba watoto wa bweni wakibanwa na wakakosa pa kusemea, watatafuta njia nyingine. Mpaka leo shule za wasichana zinaanguka kwa pamoja, na sisi tunaita wachungaji na mashehe, tunakunja mkeka, tumemaliza.

"MBONA SISI TULISOMA HIVYO HIVYO NA TUKATOBOA?"

Naisikia hoja hii inakuja, ngoja niijibu kabisa. Kwanza, waliotoboa ndio wanaoongea. Walioshindwa hawapo kwenye kikao, wapo stendi na mashambani. Pili, enzi hizo sekondari zilikuwa chache. Aliyefika alikuwa ameshikwa mkono na ukoo mzima, kijiji kinamjua kwa jina, na mwalimu wake alikuwa na darasa la watu arobaini. Baada ya elimu bila ada kuanza Januari 2016 mpaka kidato cha nne, na baadaye 2022 kwa kidato cha tano na sita, milango ilifunguka. Jambo jema kabisa, bila hilo wengi wetu tusingesoma. Ila darasa limejaa na mwalimu hajui tena majina. Huwezi kumwonea huruma mtoto ambaye hata jina lake hulijui.

Na kuna dharura inakuja, ndiyo iliyonifanya niandike. Kwa mtaala mpya elimu ya msingi inakuwa miaka sita. Kwa mpango uliotangazwa, mwaka 2027 darasa la sita na la saba watamaliza PAMOJA, na Januari 2028 wataingia kidato cha kwanza mikondo miwili kwa mpigo. Wengine watakuwa na miaka 11 au 12. Serikali inahesabu madarasa na vyoo, na inatakiwa ihesabu. Nani anahesabu watoto wa miaka 12 watakaopangishiwa geto mwaka huo? Nani anahesabu njuka wawili kwa kila mkubwa mmoja bwenini?

TUFANYEJE?

Sitaki kuwa yule wa kulalamika halafu anaondoka. Yapo mambo ambayo wala hayahitaji mkopo wa Benki ya Dunia:

- Kila njuka akabidhiwe kwa mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu, kwa jina na kwa maandishi, kama kaka au dada mlezi. Huyo ndiye aulizwe njuka akiumwa au akikosekana. Mkubwa ukimpa jukumu anakuwa mlinzi. Ukimwacha bila jukumu anakuwa mnyanyasaji.

- Mwalimu mlezi wachague wanafunzi wenyewe, kwa kura ya siri, na asiwe mwalimu wa nidhamu. Watoto wanajua nani anasikiliza. Apunguziwe vipindi, vinginevyo ni jina tu.

- Kiswahili kiruhusiwe nje ya darasa, na ndani ya darasa mtoto aruhusiwe KUULIZA kwa Kiswahili hata kama atajibiwa kwa Kiingereza.

- Siku ya tatu ya kutoonekana, mtu aende au apige simu. Kabla ya fimbo, swali: umekuwa wapi, na ulikuwa na nani? Mwenyekiti wa kijiji au mtaa awe na orodha ya watoto wote waliopanga kwenye eneo lake, na mama mmoja wa jirani anayepita jioni kuwasalimia.

- Bwenini kuwe na simu moja ya matroni au patroni, kila mtoto dakika tano nyumbani kwa wiki. Marufuku ya simu ya mtoto isiwe marufuku ya kumsikia mama yake.

- Na tupime. Tanzania ilishiriki utafiti wa kimataifa wa afya ya wanafunzi mwaka 2006 na 2014, ule unaomuuliza mtoto ni mara ngapi amejisikia mpweke na ana marafiki wa karibu wangapi. Aliyekuwa na miaka 13 mwaka 2014 leo ni mtu mzima, pengine ana mtoto. Hatuwezi kupanga mambo ya 2028 kwa majibu ya mzazi wake. Na shule haihitaji kusubiri watafiti. Karatasi moja isiyo na jina, swali moja: hapa shuleni, ukipata shida, utamwambia nani? Zikirudi karatasi tupu thelathini, mkuu wa shule ana kazi.

Najua mtu atasema walimu wenyewe nao wamechoka na wapweke, wamepangiwa vijijini mbali na wake na waume zao. Ni kweli kabisa, na hiyo ni mada nyingine ya siku nyingine. Lakini naona hata hapo zinafanana: tunapanga watu kama tunavyopanga madawati, tukidhani ukiyaweka mengi kwenye chumba kimoja basi yanakaa pamoja.

Mimi sio mtaalamu wa saikolojia. Nimemaliza kidato cha sita, naandika ninachokisoma na ninachokiona mtaani. Kwa hiyo walimu mliopo humu nirekebisheni, hasa mnaofundisha vijijini. Wazazi, hebu leo jioni muulizeni kijana wako swali moja tu, sio umepata ngapi. Muulize: mapumziko ulikaa na nani? Jibu likichelewa kutoka, hapo ndipo pa kuanzia.

Na wanafunzi mnaosoma hapa kwa kuazima simu ya dada au kaka, mlango wa maoni uko wazi chini, jina si lazima. Mlipita vipi miezi ile ya kwanza? Nani alikuwa wa kwanza kukuita kwa jina lako?

Nawasilisha.